Sindano ya Mtoto Njiti: Kuianza kwa Wakati, Kuikomesha kwa Wakati

Huduma za afya za Taifa lolote hupimwa kwa hali ya yule aliye mnyonge kuliko wote. Katika hospitali zetu hakuna mnyonge kuliko mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake, akiwa na uzito usiofika gramu 1,500. Mtoto huyo aghalabu hana nguvu ya kunyonya, hawezi kujipa joto, na kilio chake hakifiki mlangoni. Leo tunapenda kumzungumzia yeye, pamoja na dawa ambayo hupewa mapema kuliko nyingi nyingine, nayo ni antibiotiki.

Tunalizungumza jambo hili kwa kuutazama Mkoa wa Singida. Wasomaji wetu wa Unguja, Pemba, Mafia na Ukerewe wana haki ya kuuliza Singida inawahusu nini, ilhali ni nchi ya alizeti, vitunguu na mtama, iliyo mbali na bahari. Jibu letu ni kwamba mkaazi wa Kojani na mkaazi wa Mkalama wana shida moja: hospitali kubwa iko mbali. Mmoja hutenganishwa nayo na maji, mwingine hutenganishwa nayo na vumbi na makorongo. Mtoto mwenye gramu 1,200 hafahamu tofauti ya safari hizo mbili. Zote humpoza, na zote huweza kumuua.

Ni kweli pia kwamba afya si jambo la Muungano. Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, na Tanzania Bara ina yake. Lakini vimelea vya maradhi havisomi Katiba. Kimelea kilichozoea dawa Dar es Salaam kinaweza kupanda boti asubuhi kikafika Unguja kabla ya adhuhuri, au kupanda basi kikafika Singida kabla ya magharibi. Kwa hiyo somo la mkoa mmoja ni somo la nchi nzima, na maofisa wa pande zote mbili tunawaomba walisome kwa makini.

MKOA NA WATU WAKE

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 2,008,058 katika Mkoa wa Singida, kutoka 1,370,637 waliohesabiwa mwaka 2012. Ni mkoa mpana na mkavu, unaoanzia nyanda za Ziwa Eyasi upande wa kaskazini, ukashuka hadi vichaka vya Itigi na Manyoni. Huduma za afya zimejengwa kwa mikono mingi. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida, kuna hospitali za Serikali kama ile ya Kiomboi, na kuna hospitali za mashirika ya dini kama Makiungu, Iambi, Mtinko na Mtakatifu Gaspar ya Itigi. Wananchi wa Mkalama na Iramba huvuka pia mpaka kwenda Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko Mbulu katika Mkoa wa Manyara. Chini ya hizo zote viko vituo vya afya na zahanati za vijiji, na huko ndiko wanakozaliwa watoto wengi wa wakulima na wafugaji.

Tanzania imepiga hatua, na hatuna sababu ya kuificha. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000. Lakini utafiti huo huo ulitoa onyo. Vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilikuwa 24 katika kila vizazi hai 1,000, ilhali utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umekuta 25. Katika muda wa miaka kama saba tumesogea hatua moja tu. Lengo ambalo mataifa yamejiwekea, nasi tukiwamo, ni kufika 12 au chini yake ifikapo mwaka 2030. Hatutafika huko bila kuwaokoa watoto njiti, na hatutawaokoa watoto njiti bila kuzishika vizuri dawa za antibiotiki.

KWA NINI KILA NJITI HUPEWA SINDANO

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati amenyimwa mambo mawili. Kwanza, amekosa zile wiki za mwisho tumboni ambamo mama humpa mwanawe sehemu kubwa ya kinga ya mwili. Pili, ngozi yake ni nyembamba mno, na kila sindano, kila mpira wa kulishia, na kila mkono usionawa humfungulia adui mlango. Vimelea vikiingia katika damu, mtoto wa aina hiyo anaweza kufariki katika muda wa saa chache.

Tatizo kubwa ni kwamba ugonjwa huo haujitambulishi. Mtu mzima mwenye maambukizi katika damu hupata homa na kutetemeka. Mtoto njiti yeye hupoa, hulegea, hukataa maziwa, au husita kupumua kwa vipindi. Dalili hizo hizo huonekana pia kwa njiti asiye na maambukizi yoyote, bali amepigwa baridi njiani, amepungukiwa sukari, au mapafu yake hayajakomaa. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye watoto wengi wa kuwaangalia na asiye na maabara, hawezi kutenganisha haya na yale. Afanyeje? Humwanzishia mtoto ampisilini na jentamisini, nasi tunasema amefanya vyema. Kungoja uhakika ni kungoja mauti.

Hapo tusieleweke vibaya. Hatuandiki makala hii kumtia hofu mzazi wala kumkataza mganga. Mtoto mwenye dalili za maambukizi ni lazima apewe dawa mara moja, na akizaliwa mahali pasipo na uwezo wa kumtibu, apewe dozi ya kwanza kabla ya kupakiwa garini au chomboni. Swali letu ni lile linalofuata: dawa iliyoanzwa kwa shaka itakomeshwa kwa kitu gani?

Shirika la Afya Duniani lilikwisha kulijibu swali hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kwa hospitali zenye uwezo mdogo. Mtoto ambaye chupa ya uzazi ya mama yake ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kuzaliwa, au ambaye mama yake alikuwa na homa, au maji ya uzazi yalikuwa na harufu mbaya, apewe ampisilini na jentamisini kwa siku zisizopungua 2. Baada ya siku hizo 2 apimwe upya. Kama ana dalili za ugonjwa, au damu yake imeotesha vimelea, aendelee na dawa. Kama hana, dawa isimame. Agizo hilo lina nusu mbili. Nusu ya kwanza hutekelezwa kwa urahisi, kwa kuwa yahitaji dawa na sindano tu. Nusu ya pili huhitaji mtu wa kumwangalia mtoto kwa makini, maabara ya kuotesha damu, na ujasiri wa kusema kwamba sasa yatosha. Hiyo ndiyo aghalabu huachwa.

DAWA NZURI ILIYOGAWIWA BILA KUCHAGUA

Wapo watakaosema: kuna ubaya gani kumzidishia mtoto dawa siku chache, maadamu ni dawa? Historia ya karne iliyopita inao ushahidi wa kuwajibu.

Katika miaka ya 1950, antibiotiki zilipokuwa bado ngeni, hospitali za Marekani ziliwapa watoto njiti dawa hizo ili kuwakinga, hata kabla hawajaugua. Mwaka 1956 daktari William Silverman na wenzake wa New York walichapisha matokeo ya kulinganisha dawa mbili za kinga kwa watoto njiti. Wale waliopewa penisilini pamoja na dawa ya salfa walikufa kwa wingi zaidi, na katika ubongo wa wengi wao yalikutwa madhara ya ile manjano ya watoto wachanga. Dawa ya salfa ilikuwa ikiisukuma manjano kutoka katika damu na kuipenyeza katika ubongo. Mwaka 1959 madaktari wa Los Angeles walitoa habari nyingine nzito zaidi. Miongoni mwa njiti ambao chupa ya uzazi ilipasuka mapema, wasiopewa antibiotiki yoyote walikufa kama 19 katika kila 100, na waliopewa kloramfenikoli walikufa kama 60 katika kila 100. Ini la mtoto wa umri ule halikuweza kuivunja dawa ile, ikajilimbikiza mwilini, ngozi ikageuka rangi ya majivu, na moyo ukasimama. Madaktari wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu wema waliotoa dawa nzuri kwa kila mtoto, bila kuuliza nani anaihitaji na mwili wake unaimudu kwa kiasi gani.

Ndugu zetu wa Pemba hawahitaji kwenda Marekani kulipata somo hilo. Kisiwani mwao ulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki ili kuwaongezea damu. Nani angedhani kwamba kuongeza damu kuna madhara? Lakini mwaka 2003 ugawaji huo ulisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, yakihusu watoto 24,076, yalionyesha kwamba katika mazingira yale ya malaria nyingi, watoto waliopewa madini hayo walipata madhara makubwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Pemba iliufundisha ulimwengu kwamba kitu chenye manufaa kwa anayekihitaji kinaweza kuwa hasara kwa asiyekihitaji. Kisiwa hicho kilifanya hivyo tena kati ya mwaka 2011 na 2014, pale watoto wachanga zaidi ya 36,000 walipoingizwa katika utafiti wa kupaka kitovu dawa ya klorheksidini. Dawa hiyo haikuonyesha kupunguza vifo kwa kiasi cha kuthibitika katika mazingira ya Pemba, ingawa kwingineko ilikuwa imesifiwa sana.

Kwa upande wa njiti wenyewe, uchunguzi wa mwaka 2009 kutoka vituo 19 vya Marekani, uliowahusu watoto zaidi ya 4,000 waliozaliwa na uzito usiozidi gramu 1,000, uliwaangalia wale ambao damu zao hazikuotesha kimelea chochote. Miongoni mwao, waliopewa antibiotiki kwa siku 5 au zaidi tangu kuzaliwa walielekea zaidi kufa, au kupata ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, kuliko waliokomeshewa dawa mapema. Madaktari hueleza kwamba utumbo wa mtoto mchanga huhitaji vijidudu vyema vya kumsaidia, na antibiotiki huviua hivyo pamoja na vibaya. Mahali palipoachwa patupu huingia vile vilivyo sugu, na mara nyingine huingia fangasi.

HESABU YA SINDANO MOJA

Tuchukue mfano wa jentamisini, kwani ndiyo dawa ya kila siku. Mwongozo ule wa mwaka 2013 unasema kwamba katika wiki ya kwanza mtoto wa uzito wa kawaida apewe miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili wake, mara moja kwa siku, na mtoto mwenye uzito pungufu apewe miligramu 3. Njiti wa gramu 1,200 basi anastahili miligramu 3.6. Jentamisini nyingi inayotumika ni ile ya chupa ndogo ya mililita 2 yenye miligramu 80. Mpiga hesabu atakuta kwamba kipimo cha mtoto huyo hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya mililita. Ni tone. Nukta ikikosewa mahali pake, mtoto hupewa dawa mara kumi. Na jentamisini ikizidi huharibu figo na usikivu wa masikio, ilhali figo za njiti zenyewe bado hazijajifunza kuchuja.

Hesabu hiyo huanzia kwenye mizani. Mizani isiyosoma gramu, au iliyopotoka kwa gramu 200, itaharibu kipimo kabla ya chupa kufunguliwa. Huhitaji pia bomba la sindano la mililita 1 lenye alama ndogo, na karatasi ya vipimo iliyobandikwa ukutani mahali panaposomeka. Vitu hivi ni vya bei ndogo. Lakini katika makadirio ya halmashauri zetu ni rahisi kukuta fedha za rangi ya jengo kuliko fedha za mizani ya watoto wachanga. Ndugu madiwani, tunauliza: zahanati na vituo vya afya vya kata zenu vina mizani ya aina gani, na ni lini mara ya mwisho ilihakikiwa?

ADUI ALIYEKWISHA KUZOEA

Sababu ya pili ya kuzihurumia dawa hizi ni usugu. Vimelea vinavyopigwa na dawa mara kwa mara bila kumalizwa hujifunza kuishi nayo. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria zisizosikia dawa, na maradhi hayo huwalemea zaidi watu wa Afrika kusini mwa Sahara.

Hapa kwetu onyo lilitolewa mapema. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 na 2002 kwa watoto wa hadi miaka 7, na kuchapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba watoto wenye bakteria za aina ya gramu-hasi katika damu walikufa kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya wale waliolazwa kwa malaria, ambao walikufa kwa asilimia 20.2. Pale dawa iliyotolewa haikulingana na kimelea, hatari ilizidi. Mwaka 2009 katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichunguzwa watoto wachanga 300 waliodhaniwa kuwa na maambukizi katika damu. Bakteria iitwayo Klebsiela ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza, na walioambukizwa vimelea sugu walikufa zaidi. Na Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako damu za wagonjwa zilioteshwa mwaka 2012 na 2013, haikusalimika: vimelea sugu vilikutwa huko pia.

Tafsiri yake kwa Singida ni rahisi. Mkoa usiootesha damu hauna usugu mdogo kuliko Mwanza. Una usugu usioonekana. Mganga wa wilaya atampa mtoto ampisilini na jentamisini, mtoto asipopona atabadilishiwa seftriaksoni, dawa ambayo yenyewe yahitaji hadhari kubwa kwa mtoto mchanga mwenye manjano, na akishindwa hapo atampa rufaa. Kila hatua ni ya kubahatisha, na kila bahati nasibu huacha nyuma yake vimelea vilivyojifunza zaidi. Anayeitumia sana silaha ya mwisho leo ameiteketeza ya mtoto atakayezaliwa mwakani.

KIFUA CHA MAMA

Je, iko njia ya kupunguza haja yenyewe ya sindano? Ipo, na Watanzania wameshiriki kuithibitisha.

Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na wodi yenye njiti wengi kuliko mashine za joto, huku maambukizi yakihama kutoka mtoto hadi mtoto. Akaanzisha utaratibu wa kumweka mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa hapo na kunyonyeshwa. Utaratibu huo ndio tunaouita kangaruu. Wanawake wetu hawatauona mgeni, kwani tofauti yake na mbeleko ni kwamba mtoto huhama kutoka mgongoni akaja kifuani.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba njiti lazima kwanza atulie katika mashine, ndipo apelekwe kwa mama. Kati ya mwaka 2017 na 2020 dhana hiyo ilijaribiwa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kwa upande wetu kazi ilifanyika Muhimbili. Watoto 3,211 wenye uzito wa gramu 1,000 hadi 1,799 walihusika. Nusu yao waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, nusu walisubiri kwanza watulie. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba katika siku 28 za kwanza walikufa asilimia 12.0 ya wale waliowekwa kifuani mapema, na asilimia 15.7 ya waliosubiri. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Jambo linalogusa makala hii ni kwamba waliodhaniwa kuwa na maambukizi katika damu walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliokaa na mama zao. Mtoto aliye kifuani hapoi, hivyo haonyeshi dalili za uongo. Hupata maziwa ya mwanzo mapema. Hupata vijidudu vya mama yake badala ya vile vya wodini. Na hushikwa na mikono michache.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huo uanze mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto wote njiti au wenye uzito pungufu, isipokuwa wale walio mahututi, na uendelee kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwa hiyo mama si mgeni wa kutembelea wodi saa za kuangalia wagonjwa. Mama ni sehemu ya tiba. Lakini Muhimbili ilibidi kitanda cha mama kiwekwe ndani ya chumba cha watoto mahututi. Je, wodi zetu za wilaya zina nafasi ya kitanda hicho? Mama aliyetoka kijijini Itigi au Micheweni atalala wapi wiki tatu, atakula nini, na nani atawatunza aliowaacha nyumbani?

Mwaka 2025 sheria za kazi za Tanzania Bara zilirekebishwa ili mama mfanyakazi aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Ni hatua njema, iliyodaiwa kwa miaka kadhaa na watetezi wa watoto hawa, ikiwamo taasisi ya Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti. Lakini mkulima wa alizeti hana mwajiri wa kumpa likizo. Mwajiri wake ni msimu wa mvua. Likizo yake ni mume, mama mkwe na majirani watakaopalilia shamba lake wakati yeye ameukumbatia uhai hospitalini. Hilo ni jukumu la jamii, na viongozi wa vijiji, shehia na mitaa hawana budi kulisimamia.

YALIYO JUU YETU

Mwaka 1973 Taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Hawakungoja daktari wa kila kijiji. Moyo huo ndio unaotakiwa leo, kwa kuwa vita ya kumwokoa njiti haiko mikononi mwa mganga peke yake.

Serikali zetu tunaziomba mambo yanayotekelezeka. Kwanza, kila hospitali ya wilaya inayolaza watoto njiti iwe na njia ya kuotesha damu, kama si kwake basi kwa kupeleka chupa kwenye maabara ya mkoa na kuletewa jibu kwa simu kabla ya siku ya tatu. Pemba inayo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, na ni mfano kwamba kisiwa kidogo kinaweza kuwa na maabara yenye heshima. Pili, maji ya bomba na sabuni vifike kwenye kila wodi ya watoto wachanga, maana antibiotiki haiwezi kuchukua nafasi ya mkono ulionawa. Tatu, mizani, mabomba madogo ya sindano na vitanda vya mama viwekwe katika makadirio kwa majina yake, visifichwe chini ya kifungu cha mengineyo. Nne, Mpango wa Taifa wa kupambana na usugu wa dawa, ulioanza mwaka 2017 na kufuatiwa na ule wa 2023 hadi 2028, ushuke kutoka makabati ya wizara ukafike kwenye jalada la mgonjwa. Kila njiti anayeanzishiwa antibiotiki aandikiwe siku hiyo hiyo tarehe ya kupimwa upya, na jina la atakayempima.

Kwa waganga na wauguzi, tunatambua uzito wa zamu zenu. Kuikomesha dawa isiyohitajika si uzembe wala ubahili. Ni utabibu kamili, na viongozi wenu wa kazi wanapaswa kuwalinda mnapofanya hivyo kwa kufuata mwongozo.

Kwa wazazi wa Singida, Unguja, Pemba na kwingineko, tunasema hivi. Uchungu ukianza kabla ya wakati, msikae nyumbani mkangoja. Mtoto akizaliwa mdogo, afungwe kifuani kabla ya safari, na safari ianze mapema. Msimnunulie mtoto mchanga dawa dukani, hata kama jirani aliwahi kupona kwayo. Na mganga akisema siku ya pili kwamba dawa isimame, msimshike shati kwa kudhani mwana wenu ametupwa. Muulizeni ameona nini, msikilizeni, kisha mwendelee kumkumbatia mtoto na kumkamulia maziwa.

Mtoto ni amana. Halmashauri zitakapokaa kupanga makadirio ya mwaka ujao, tunatumaini kila mjumbe atauliza, kabla ya kuinua mkono, njiti wa wilaya yake hupimwa kwa mizani gani, hulala wapi na mama yake, na ni nani humwangalia tena siku ya pili.